Jicho la Kushoto la Fundi Bomba

Maabara ya Vipimo
6 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na Shangazi hamjambo, na kwamba lifti imetengenezwa, au angalau mmeacha kuamini kwamba itatengenezwa.

Kifurushi hiki kimekuja na basi pamoja na vya hospitali nyingine, nikaona nipenyeze barua. Ulisema meseji za simu zinakuumiza kichwa. Sawa, turudi kwenye karatasi.

Kazi niliyopewa mwaka huu ni kukadiria mionzi inayofika kwenye macho ya madaktari wa moyo, yaani nyinyi mnaosimama ubavuni mwa mgonjwa mkipitisha waya ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo huku mashine ya eksirei inawaka. Kifua na tumbo mnavifunika kwa aproni ya madini ya risasi. Macho hayana aproni. Kipimo mnachobandika kwenye kola kinatupa habari za kola, jicho tunalikisia. Nataka tupunguze kukisia.

Ndani ya bahasha kuna vipimo vidogo ambavyo sisi hapa tunaviita punje, kwa sababu havizidi punje ya mahindi. Punje inakusanya mionzi kimya kimya, kisha mimi naipasha moto kwenye mashine yangu nayo inatoa ilichopokea. Bandika moja ndani ya miwani yako ya risasi, upande wa kushoto, karibu na kona ya jicho. Nasema kushoto kwa sababu ukisimama kazini mionzi inatokea upande huo. Mwisho wa mwezi zirudishe.

Nakuomba wewe kabla ya wengine kwa kuwa ndiye mwenye wagonjwa wengi kuliko daktari yeyote niliye naye. Sababu nyingine unazijua.

Mwanao


12 Machi

Mama,

Marahaba. Najua hupendi nikuite Mama kwenye mambo ya kazi, lakini jina la mama yangu umelichukua wewe na sina pengine pa kulipeleka.

Punje zako hizo, zimerudi. Nimezivaa kama ulivyoagiza.

Hatujambo. Shangazi yako anapanda ngazi huku anaitukana lifti kila ghorofa, na matusi ya ghorofa ya tatu ndiyo makali zaidi. Kazini ni yale yale. Tangu mwenzangu ahamie kwingine nimebaki peke yangu kwenye chumba cha mishipa. Wauguzi wamebandika karatasi mlangoni: FUNDI BOMBA. Juzi mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, akaniuliza akiwa amelala pale mezani, "Daktari, cheti chako ni cha udaktari au cha mabomba?" Nikamwambia mtihani ni mmoja: uzibue bila kupasua. Akacheka mpaka Sista akamkataza.

Macho yangu ni mazima. Namwona nzi ukutani nikajua kama ameoa. Usinitafutie maradhi.

Miwani ya risasi ni mizito. Nikitoka jasho inateleza mpaka puani, na nikiwa na glovu siwezi kuishika. Lakini naivaa.

Baba yako


25 Machi

Baba, shikamoo.

Nimezisoma punje zako. Hazina kitu.

Kila mwezi naacha punje moja kwenye droo ya meza yangu. Haiendi popote. Ndiyo inayonionesha dunia yenyewe, kuta na udongo na hewa, imetoa mionzi kiasi gani. Zako zimelingana na ya droo. Mtu mwenye kazi kama yako akirudisha punje kama ya droo, ama amefanya kazi akiwa nje ya mlango, ama punje zimeshinda kabatini. Na miwani unayosema unaivaa, nadhani inavaliwa na msumari.

Sikusuti, Baba. Lakini siwezi kuandika kwamba daktari wa moyo hapati mionzi machoni. Nitakadiria kwa njia ndefu. Nimemwomba Sista wa chumba chako anieleze mashine huwaka muda gani kwa mgonjwa, wewe unasimama wapi, na kile kioo cha risasi kinachoning'inia darini unakivuta au unakisukuma. Usimkasirikie, ameulizwa akajibu. Amesema unakisukuma kwa sababu kinakuziba.

Kuna kitu kimoja zaidi. Mistari ya barua yako inaanza vizuri, ikifika mwisho imepanda juu ya mwenzake. Zamani ulikuwa unaandika kama umepiga rula.

Mwanao


9 Aprili

Bibi Mizani wangu,

Juzi uliponipigia simu nilikujibu "tutaonana, tutaonana" kama mtu anayemkwepa mdai, usidhani nimechoka na wewe. Baba yako alikuwa sebuleni, na masikio yake hayana ugonjwa wowote.

Umenituma nimchunguze macho, nimemchunguza. Ningezaliwa mwanamume ningekuwa polisi.

Jumatatu amemimina chai mezani. Kikombe kiko hapa, chai inakwenda pale. Akasema kikombe kimesogea. Nikamwambia ndiyo, kina miguu, na leo kinakwenda sokoni. Jumatano jioni ameingia, nami nilikuwa nimelivisha sanamu la kushonea koti la mteja. Akalisogelea, akaliinamishia kichwa kwa adabu: "Shikamoo dada." Mimi niko jikoni! Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni. Nilipokuwa pale chini ndipo nikaona si jambo la kucheka.

Akisoma anafumba jicho la kushoto. Akivuka barabara anageuza kichwa chote kama bundi. Hajaniambia kitu nami sijamuuliza. Sisi ni watoto wa tumbo moja, na nyumba ile hakuna aliyefundishwa kusema panapouma.

Sasa nieleze, wewe uliyesomea. Anayepigwa picha ni mgonjwa. Yeye mionzi inamfikaje? Niambie kama unavyomwambia mtu mzima, usiniletee ya kitabuni.

Hiyo miwani inayoteleza niachie mimi.

Shangazi yako


17 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma habari za koti nikacheka peke yangu maabara, kisha nikairudia, na mara hii sikucheka.

Umeuliza inamfikaje. Mwagia jiwe maji kwa nguvu, aliye karibu analowa. Mionzi inaingia mwilini mwa mgonjwa, mingine inapita, mingine inagonga na kuruka pembeni. Baba yuko hapo hapo, ameinama, amenyoosha shingo atazame skrini. Inamrukia usoni. Ngozi haijali sana. Lakini ndani ya jicho mna kitu kama kioo cha saa, na kioo hicho hakijui kujisafisha. Kikiguswa kinaweka ukungu, na ukungu haurudi nyuma. Ndio mtoto wa jicho, ila wake umemjia kabla ya uzee na umeanza upande wa kushoto.

Kwa kifupi, kila anayelala kwenye meza ile anaondoka na kipande cha jicho lake.

Usimwambie kwamba nimekueleza. Nataka asikie kwangu nikiwa na hesabu kamili mkononi.

Mwanao, Bibi Mizani


2 Juni

Baba, shikamoo.

Hesabu imekamilika. Nimeifanya kwa njia mbili, nikampa mwenzangu aifanye bila kujua ni ya nani.

Jicho lako la kushoto limekuwa likipokea karibu mara tatu ya kile kinachoruhusiwa kwa mwaka, na si mwaka huu tu. La kulia limepokea chini ya nusu ya mwenzake. Ni makadirio, yanaweza kupanda au kushuka kidogo. Hayawezi kushuka hadi kukawa salama.

Ripoti ya hospitali yako inatakiwa kwenda kwa mkurugenzi. Ikifika, watakuondoa kwenye chumba siku hiyo hiyo. Nimeona usikie kwangu kwanza.

Najua jicho limeshaingia ukungu. Usiniulize nimejuaje. Ungekuwa na mgonjwa anayekuficha dalili zake hivi, ungemfukuza kliniki.

Mwanao


14 Juni

Mama,

Nimekusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilimkasirikia Shangazi yako, kwa kuwa chai haikumwagika maabara kwako. Mara ya tatu nikafumba jicho la kulia nikajaribu kuisoma kwa la kushoto. Sikuona barua. Niliona karatasi.

Hesabu yako ni sahihi. Sina la kubishana na namba. Nina ombi tu.

Mwanafunzi wangu, yule binti niliyekuwa namwita Kidole Chepesi, anamaliza masomo na kurudi hapa mwanzo wa Oktoba. Akifika namkabidhi chumba na funguo, sigusi tena waya. Lakini ukiituma ripoti leo, chumba kinafungwa leo. Hospitali nyingine yenye chumba kama hiki unaijua ilivyo mbali. Mtu mwenye shambulio la moyo hawezi kukaa ndani ya gari muda wote huo. Jicho la kulia linatosha kwa skrini. Nimejipima, na Sista amenisimamia. Siku atakaponiambia halitoshi, naweka waya chini.

Nipe mpaka Oktoba. Nami nakuahidi miwani, kioo cha darini na punje zako, kila siku. Wagonjwa wa kungoja nitawaambia wangoje. Nitabaki na wale tu wasioweza.

Shangazi yako ameishonea miwani mkanda wa mpira unaozunguka kisogo. Haitelezi hata nikiinama. Nilimsifu kwa ufundi, ndipo aliponiambia mpira wenyewe ni wa chupi. Basi ndivyo ninavyosimama mbele ya wauguzi, daktari bingwa, na mpira wa chupi kichwani.

Baba yako


20 Julai

Bibi Mizani,

Baba yako anavaa miwani. Nimemuuliza Sista tulipokutana dukani akanihakikishia. Anasema ule mpira umepewa jina lakini hawezi kulitaja mbele ya mtu mzima.

Umemkubalia mpaka Oktoba. Umefanya vizuri, angekufa kwa huzuni kabla ya upofu. Na mimi nasaidia ninavyoweza. Mteja akija kujaribu nguo nikaona anahema, namwambia: mama, punguza mafuta, tembea, usije ukaenda kulala kwenye ile meza ya ndugu yangu bila sababu. Yule mwenye duka la chini nimemfukuza kwenye sigara mpaka sasa akiniona anaificha mfukoni ikiwaka. Kila mmoja asiyekwenda pale ni kipande kimebaki, au sivyo?

Mimi mzima, ni kiungulia tu. Kinanipata nikipanda ngazi, kinaanzia chini ya chembe kinapanda mpaka kwenye taya. Nikikaa kinaondoka. Usimwambie baba yako, maana yeye kila kitu kwake ni moyo. Mtu akijikwaa atampima moyo.

Yule binti daktari anakuja Oktoba tarehe ngapi hasa? Na yeye anajua yote anayojua baba yako? Nauliza tu.

Shangazi yako


1 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Naandika haraka, dereva wa basi anangoja vifurushi.

Punje za Baba za mwezi wa sita na wa saba zimekuja na safari hii zina kitu, maana yake amezivaa kweli. Na kilichomo ni kidogo sana kuliko nilivyotegemea. Mpira wako umefanya kazi kuliko ripoti yangu. Nitauandika kwenye matokeo, ila nitauita "mkanda".

Daktari mpya anaanza tarehe mbili Oktoba. Baba anasema mikono yake ni mizuri kuliko ya kwake.

Kiungulia, kunywa maziwa na usile usiku umechelewa. Kisipoisha kamwone daktari wa tumbo.

Mwanao


9 Septemba

Mama,

Ulipokuwa hapa kwa mazishi nyumba ilijaa watu, na kila tulipokaribiana alipita mtu na trei. Uliniuliza jikoni ilikuwaje. Nikakwambia baadaye. Baadaye yenyewe ni hii.

Shangazi yako alianguka ngazini, ghorofa ya pili, ametoka kununua uzi. Mwenye duka la chini alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari lake. Mimi nilikuwa hospitali. Nilisikia kelele za machela, nikatoka nikiwa nimeshavaa aproni, nikadhani ni mgonjwa niliyeitiwa. Alikuwa ndiye.

Kuna kanuni kwamba daktari hamtibu wa damu yake. Kanuni hiyo inataka madaktari wawili.

Utataka kujua kama niliona. Niliona. Waya ulipita mara ya kwanza. Mshipa mkubwa wa kushoto ulikuwa umeziba pale unapoanzia, nikauzibua, damu ikapita. Sista ni shahidi. Sikumpoteza kwa jicho. Bomba lilifunguka lakini moyo ulikuwa umechoka. Msuli ule haukuharibika siku ile moja. Ulikuwa unakosa damu kwa miezi. Mtu wa namna hiyo hawezi kukosa maumivu akipanda ngazi. Nimekula naye meza moja miezi yote hiyo, mimi ninayesikiliza mioyo ya watu kutwa, na sikusikia.

Alikuwa na fahamu nilipoanza. Alisema, "Usinitazame sana." Nadhani aliona haya, kulala vile mbele ya mdogo wake. Nikamwambia, dada, mimi natazama skrini.

Nina maswali mawili.

La kwanza, aliwahi kukuambia lolote kuhusu maumivu?

La pili liko ndani ya bahasha ndogo. Siku ile asubuhi nilikuwa nimebandika punje mpya kwenye miwani, na hakuna mgonjwa mwingine aliyeingia kabla yake wala baada yake. Niliibandua mwenyewe. Isome peke yake. Miwani ilikuwa imekaa, mpira ulishika. Kioo cha darini alikivuta Sista, mimi nilikuwa nimekisahau.

Sina kazi na jibu. Nataka kulijua tu.

Baba yako


23 Septemba

Baba, shikamoo.

Nimesoma punje. Nimeisoma pamoja na ya droo, na pamoja na mbili zilizosafiri kwenda na kurudi bila kufunguliwa, kwa sababu sikuamini mashine. Kisha nikasafisha mashine.

Haina kitu. Imelingana na ya droo.

Mara ya kwanza uliponirudishia punje ya namna hii nilijua hukuivaa. Hii najua uliivaa. Kioo kilikuwa mahali pake, miwani haikuteleza, na mgonjwa mmoja, kwa kinga ile, ni kidogo kuliko ninavyoweza kupima. Kidogo kuliko kile kinachotoka kwenye kuta za chumba changu. Ningeweza kulijua hilo bila punje. Ni hesabu ya mstari mmoja. Hakuna aliyeniuliza ya mgonjwa mmoja, nami sikuisema.

Swali lako la kwanza. Ndiyo. Julai aliniandikia kwamba ana kiungulia akipanda ngazi, kinafika kwenye taya, akikaa kinaondoka. Alitaka usiambiwe. Nilimjibu anywe maziwa. Mtoto wa daktari wa moyo, na niliyasoma yale maneno nikaona tumbo. Hilo ni langu, na sikuombi uniambie si langu.

Kuhusu alichosema mezani, nadhani umekipatia. Aliona haya. Shangazi hakupenda hata kupimwa presha mbele za watu. Mimi naona ni hilo tu.

Daktari mpya atakapofika, ripoti nitaituma siku hiyo. Nakuomba sasa uende ukalionyeshe jicho.

Mwanao


30 Novemba

Mama,

Mwandiko huu ni wangu. Tazama mistari.

Wamenibadilishia kioo cha jicho la kushoto mwanzo wa mwezi. Daktari wa macho ni kijana anayeongea na jicho badala ya mwenye jicho: "Haya, tulia, usiogope, karibu tumalize." La kulia linaweza kungoja. Chumba cha mishipa sasa ni cha Kidole Chepesi. Amevuta kioo cha darini akakifunga kwa kamba kisirudi nyuma, na miwani yangu ameirithi pamoja na mpira wake. Nimemweleza mpira unakotoka. Amesema hauvui.

Mimi nakaa kliniki, nasikiliza vifua. Kila anayesema kiungulia namwandikia kipimo cha moyo. Wananiona nimezeeka.

Sasa sikia. Barua yako ya Septemba nimekaa nayo sana. Tangu ukiwa mdogo, wa kugawa mkate kwa rula ili asionewe mtu, sijawahi kukukuta na uongo. Mwishoni mwa barua ile umo mmoja. Siulaumu. Mimi nilitangulia.

Sikukuandikia yote aliyosema. Nilikata nusu. Alisema hivi: "Usinitazame sana, mdogo wangu. Kila anayelala hapa anaondoka na kipande cha jicho lako. Mimi nilitaka kumngoja yule binti."

Nilielewa pale pale, waya uko mkononi. Na nilijua maneno hayo si yake. Dada yangu angesema nakula jicho, namaliza jicho, angeweka na tusi juu. Kipande ni neno la mtu anayepima. Kwa hiyo nikakuandikia habari za haya, usije ukajua. Nawe ulikuwa umeshajua, ukanirudishia haya ile ile, nisije nikajua mimi.

Basi tumejua sote wawili. Usiseme ni lako peke yako. Wewe ulimwambia kweli bila kiasi chake. Mimi niliwaficha nyote wawili habari za macho yangu, ndiyo maana mkalazimika kuyazungumza bila mimi. Ningekuwa nimesema mwezi wa pili kwamba sioni vizuri, angeniuliza mimi, nami ningemwambia: dada, wewe mmoja si kitu. Na ningemlaza pale siku hiyo hiyo. Jibu hilo ndilo ulilolitoa kwenye punje, nami ndilo nililokuwa nalitafuta, ingawa nilikuandikia sina kazi nalo. Dada hakunigharimu kitu.

Njoo ukipata likizo. Lifti wameitengeneza. Mara ya kwanza nilipanda nayo mpaka juu, nikashuka, nikapanda tena kwa ngazi.

Jana asubuhi nimemimina chai. Rangi za vikombe nilikuwa nimezisahau. Kimoja ni cha buluu, na cha Shangazi yako kina maua ambayo miaka hii nilikuwa nadhani ni uchafu. Nilimimina vyote viwili, kwa mazoea. Sikumwaga hata tone.

Baba yako